Ndege ina viti vitupu, mbona sanduku langu likaachwa?

SWALI: Assalaam aleikum, kaka. Agosti mwaka jana nilikwenda New Jersey kumtazama ndugu yangu aliyejifungua. Nilipitia Ghuba. Kwenye ndege ya kwenda New York nilihesabu viti visivyopungua 20 havina mtu, lakini nilipofika nikaambiwa sanduku langu moja limeachwa kwa sababu ya uzito. Lilinifikia baada ya siku mbili, na lilikuwa kilo 23 barabara, halua na achari zote zimo. Vipi ndege iwe na nafasi, kisha isiwe na nafasi? La pili, sasa nataka kumpeleka mama. Ana miaka 68 na miguu humvimba akikaa sana. Nimpeleke moja kwa moja kutoka Nairobi, au tupitie tena Ghuba? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Pole kwa sanduku. Kazi yangu ni kupiga hesabu ya uzito wa ndege kabla hazijaondoka Uwanja wa Moi, na kila ninapolazimika kuacha mzigo chini najua iko nyumba inayousubiri. Basi nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Ndege ya safari ndefu haijai kwa viti, hujaa kwa kilo. Mabaharia wa majahazi walilijua hili kabla yetu. Chombo kinachokwenda Lamu chaweza kujazwa shehena, kwa kuwa maji ya kunywa hayako mbali. Kinachovuka kwenda Bara Hindi lazima kipakie mapipa ya maji kwanza, na shehena ikae panapobaki. Kwetu sisi, maji hayo ni mafuta. Gari la Malindi likipungukiwa litaongeza Kilifi. Katikati ya Atlantiki hakuna Kilifi.

Tuchukue ndege unayoweza kumpandisha mama. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa ikienda New York moja kwa moja kutoka Nairobi kwa Boeing 787-8 yenye viti 234. Ni karibu kilomita 11,800, kiasi cha saa 15 kwenda. Uzito wa juu kabisa wa ndege hiyo wakati wa kuruka ni kama tani 228. Ndege tupu, pamoja na viti na majiko yake, ni kama tani 120. Zinabaki tani 108 za kugawana abiria, mizigo na mafuta.

Abiria hatumpimi mmoja mmoja, tunatumia wastani. Wastani uliozoeleka ni kilo 84 kwa mtu mzima pamoja na mkoba wake wa mkononi. (Air New Zealand iliwahi kuwapandisha abiria wake kwenye mizani, mwaka 2023, ili kuhakiki wastani wa kwao.) Ukimwongezea kila mtu masanduku mawili ya kilo 23 anafika kilo 130. Zidisha kwa 234: tani 30 na kitu. Zimebaki 78 za mafuta. Ndege hiyo hutumia karibu tani 5 kwa saa, kwa hivyo saa 15 ni tani 75, na juu yake lazima iwepo akiba ya kuiwezesha kugeukia uwanja mwingine ikiwa New York imefunikwa na theluji au ukungu. Hizi ni hesabu za jumla, lakini unaona jinsi pumzi ilivyo fupi, na hatujapakia hata boksi moja la maua.

Kuna jambo jingine ambalo abiria haoni. Mafuta yenyewe ni mzigo. Saa za mwanzo ndege inachoma mafuta ili kubeba mafuta itakayoyatumia baadaye. Katika safari ya saa 15, kila tani unayoiongeza huhitaji takriban theluthi ya tani ya mafuta, pengine zaidi, kwa ajili ya kuibeba tu. Watu 300 wakizidisha kilo 4 kila mmoja, hiyo ni tani 1.2, na mafuta yake juu.

Sasa nije kwenye safari yako. Ulisafiri Agosti, na Agosti Ghuba ni tanuri. Joto hupita nyuzi 40. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi huwapunguzia nguvu bawa na injini vilevile. Njia ya kurukia ni ileile, ila ndege haiwezi tena kuinua uzito ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ongeza upepo: kwenda Marekani ni kwenda magharibi, na pepo kali za juu hutoka huko huko, zikikupiga usoni. Utabiri wa upepo ukibadilika saa chache kabla ya kuondoka, rubani ataomba tani kadhaa zaidi za mafuta, na tani hizo zitatoka kwa mtu. Kwa kawaida shehena ya biashara ndiyo hushushwa kwanza. Isipotosha, huguswa masanduku, na mwisho ndipo huguswa abiria. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba vile viti 20 havikuwa nafasi iliyosahauliwa. Vilikuwa vimeshageuzwa mafuta.

Hata hivyo haki yako iko pale pale. Hesabu hutueleza kwa nini sanduku lilibaki. Haielezi kwa nini uliambiwa baada ya kufika. Anayepakia hujua kabla mlango haujafungwa, na naamini kwa dhati kwamba abiria anastahili kuambiwa wakati huo huo.

Nairobi nayo ina tatizo la Ghuba kwa njia nyingine. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi hata siku ya baridi. Wetu wa Moi uko mita 61, na njia yake ina urefu wa mita 3,350. Hapa ndege huinuka na mzigo mkubwa zaidi kwa nguvu zilezile za injini, licha ya joto letu. Safari nyingi ndefu za Nairobi huondoka usiku, na ubaridi wa usiku husaidia.

Mizani hiyo hiyo ndiyo inayoamua raha ya abiria. Safari zilizo ndefu kupita zote zina ndege zenye watu wachache. Singapore Airlines huenda New York, zaidi ya kilomita 15,000 na karibu saa 19, kwa aina ya A350-900 yenye viti 161 tu: 67 vya daraja la biashara na 94 vya lile lililo kati ya biashara na la kawaida. La kawaida halimo kabisa, na chumba cha shehena cha mbele hakitumiki. Ndege ya jina hilo hilo kwa mashirika mengine hubeba watu 300 na zaidi. Qantas walipojaribu kuruka New York hadi Sydney Oktoba 2019, kwa saa 19 na dakika 16, walipakia watu 49. Huko upana wa kukaa umeletwa na mafuta, na nauli yake ni kali. Anayeminywa zaidi, kwa maoni yangu, ni abiria wa saa 14 au 15, kwa sababu umbali huo bado unaruhusu kujaza viti vya kawaida. Kwenye 787 hupangwa 9 kwa mstari, na kila kimoja kina upana wa kama sentimita 43.

Kwa mama, 787 na A350 zina neema moja. Presha ya ndani huwekwa kama ya mtu aliye mita 1,800 hivi, yaani juu kidogo ya Nairobi. Ndege za zamani humfikisha mita 2,400, kama Nyahururu, na mtu wa pwani huichoka hewa hiyo upesi. Hewa ni kavu pia, kwa hiyo anywe maji mara kwa mara.

Miguu ni suala la daktari, na aonwe kabla hamjakata tiketi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda mshipani takriban maradufu. Bado ni jambo la nadra, takriban mtu mmoja kwa 6,000, lakini umri na uvimbe huhitaji uangalizi. Muulize daktari kuhusu soksi za kubana. Mchukulie kiti cha ujiani ili asimwombe mtu ruhusa ya kusimama, na kila saa mbili atembee hadi majikoni na kurudi. Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, usingoje uwanjani. Na mlango ukishafungwa, muulize mhudumu kama kuna safu yenye viti vitupu. Kama ndege imezuiwa kwa uzito, vitakuwepo.

Kuhusu njia, kupitia Ghuba hakumpunguzii kitu. Nairobi hadi huko ni saa 5, kisha zinabaki 14 za mfululizo, karibu sawa na kwenda moja kwa moja, na uchovu wa kubadili ndege juu yake. Kama ni kuchagua kati ya hizo mbili, mpandishe ya moja kwa moja. Lakini angekuwa mama yangu ningempitisha Ulaya, Amsterdam au London: saa 8 au 9, apumzike uwanjani saa 3 au 4 akinyoosha miguu, kisha saa 8 nyingine. Angalieni masharti ya viza ya kupita kabla ya kulipa. Na achari igawe kwenye masanduku yote mawili, likiachwa moja wasikose kabisa.