Muulize Fundi: Tairi la lami, vumbi na tope

*Shikamoo mama fundi. Mimi ni kijana wa Lushoto, kazi yangu kutembeza wageni kwa baiskeli za milimani. Yangu ni ya ringi 29, na matairi iliyokuja nayo sasa ni vipara. Njia zangu ni mchanganyiko: lami ya kutoka Soni, barabara za vumbi za kwenda Mtae, vijia vya msitu wa Magamba vilivyojaa mizizi, na masika ikiingia ni tope jekundu tupu. Mwezi wa nne nilianguka mara mbili mbele ya wageni, mteremko uleule. Muuzaji mmoja wa Dar ameniambia dawa yangu ni matairi ya tope, yenye kashata ndefu (vile vinundu vya raba vya kushikia ardhi), upana wa inchi 2.5. Nina hela ya matairi mawili tu na siwezi kuwa nabadilisha kila msimu. Ninunue? Uzito wangu ni kilo 72.*
Mtembeza wageni, Lushoto

Marahaba, mwanangu. Kwanza hilo la "mama fundi". Huku Moshi watu wakisema hivyo huwa wanamtafuta mke wa fundi. Wananikuta nimekaa chini na spana mkononi, wananiuliza mzee yuko wapi. Mzee ndiye mimi.

Hayo ya 2.5 usinunue. Wala usinunue chochote kwanza, kwa sababu kuna jambo hukuliandika: unajaza upepo kiasi gani? Marehemu baba alinifundisha kazi hii Korogwe, kwenye baiskeli za kubebea magunia, na pale sheria ilikuwa moja: jaza mpaka kidole gumba kigome kubonyea. Kwa gunia la mkaa ni sheria nzuri. Mimi nikaihamishia kwenye baiskeli ya milimani, nikaenda nayo Irente asubuhi moja ya manyunyu, nikatelezea ubavu na kuacha ngozi ya kiwiko pale. Matairi yalikuwa mapya kabisa. Tairi lililojaa kama ngoma halilali juu ya mzizi, linaruka. Linagusa ardhi kwa sehemu ndogo, na kashata zake hata ziwe nzuri vipi hazipati pa kushika.

Kwa kilo zako 72, tairi la upana wa 2.25 lenye tyubu ndani, anza na 26 mbele na 29 nyuma kwa kipimo cha psi. Siku ya tope punguza mbili. Usishuke zaidi ya hapo kama una tyubu, maana ukigonga jiwe, ringi itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba kama umeng'atwa na nyoka. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wake, si kipimo cha kila siku. Na usitegemee geji ya sheli. Ile ni ya magari, na hapa chini ya 30 nimeona zikidanganya vibaya. Nunua geji yako ndogo, itie mfukoni. Inawezekana moja ya zile ajali zako mbili ilikuwa ya upepo tu.

Sasa tope. Muuzaji wako anasema "tope" kana kwamba ni kitu kimoja. Tope la huko kwenu ni udongo mfinyanzi mwekundu. Mvua ikiwa imepiga usiku, juu kunateleza kama sabuni na chini bado ni kugumu. Jua likiwaka kwa muda wa saa mbili tatu, linageuka ugali: linanata kwenye tairi, linapanda mpaka kwenye fremu, linajaza, na gurudumu linagoma kuzunguka. Ukishuka tambarare, kule kwenye udongo mweusi wa mbuga, ni jambo jingine kabisa. Huo ukilowa hakuna tairi la kuuweza. Beba baiskeli begani, au subiri ukauke.

Tairi la tope, lenye kashata ndefu zilizoachana sana, limetengenezwa kwa ajili ya tope laini na la kina, ambapo kashata inachoma kama msumari mpaka ifike chini penye ugumu. Hapo hakuna linaloshindana nalo. Lakini lipeleke kwenye lami ya Soni: kashata ndefu zinapinda kila unapokata kona, tairi linavuma kama nyuki, na la nyuma linaisha ncha mapema. Niliwahi kununua jozi ya namna hiyo mwezi wa tatu nikijiona mjanja. Kufikia Juni kashata za nyuma zilikuwa za mviringo kama gololi. Na kwenye mizizi ya Magamba hazikunisaidia hata kidogo, kwani mzizi uliolowa hauchomeki. Unashikwa na raba laini na upepo mdogo, basi.

Halafu upana. Wauzaji wanapenda kusema tairi pana linashika zaidi. Kwenye mchanga na mawe ni kweli. Kwenye tope la kunata, tairi pana linabeba tope jingi na kuacha nafasi ndogo ya kulipitisha. Chukua penseli ya shule, ipitishe kati ya tairi na fremu, kule nyuma karibu na pedeli, kisha juu kwenye uma wa mbele. Isipopita kwa raha, tairi ni pana mno kwa masika ya Lushoto. Baiskeli nyingi za 29 ninazotengeneza zina ringi nyembamba za zamani. Ukizivika 2.5, tairi linakaa kama balbu na kuyumba kwenye kona. Wewe chukua 2.25, ukizidi sana 2.3.

Kwa hiyo unatafuta tairi la kati. Ulitambueje dukani? Tazama mstari wa katikati: kashata ziwe fupi kiasi na zikaribiane, ndizo zitakazokuvusha lami bila kukuchosha. Tazama pembeni: kashata ziwe nene kwenye shina lake, zimesimama imara, maana kwenye kona unalalia hizo. Kati ya za katikati na za pembeni pawe na mfereji ambao kidole chako kidogo kinaingia. Huo ndio unaotema tope. Kashata zikiwa na mikato midogo juu yake, vizuri zaidi, inazisaidia kujikunja juu ya mzizi. Mwisho bonyeza kwa ukucha. Raba laini inaacha alama kidogo kisha inarudi. Ngumu inakutazama tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ningependa ulisome mara mbili: matairi yako mawili hayafanyi kazi moja. La nyuma linasukuma na kubeba uzito wako mwingi. Likiteleza, baiskeli inacheza kidogo, unatia mguu chini, mgeni anacheka, safari inaendelea. La mbele likiteleza umeshaanguka kabla hujajua. Basi mbele weka lenye kashata ndefu kidogo na raba laini. Nyuma weka lenye kashata fupi na raba ngumu zaidi, litadumu. Usilichague la mbele kwa kuangalia njia unayopita mara nyingi. Lichague kwa ajili ya ule mteremko uliokuangusha.

Ukitaka majina: mbele Maxxis High Roller II ya 2.3, nyuma Maxxis Ardent ya 2.25. Ni jozi ya siku nyingi na sijaona sababu ya kuikimbia. Schwalbe Nobby Nic mbele na nyuma ni sawa pia, na Continental Mountain King nayo ni ya ukoo huohuo. Ila jihadhari, jina moja huuzwa kwa raba tofauti. Lile la bei ya chini mara nyingi huwa na waya ukingoni, halikunjiki, na raba yake ni ngumu kama soli ya kiatu cha shule. Kwa nyuma halina ubaya. Kwa mbele usikubali, hata akikupunguzia. Hela ikitosha tairi moja tu mwezi huu, nunua la mbele, na lile la mbele la zamani lihamishie nyuma.

La mwisho ni miiba. Hukuitaja, lakini najua mnashuka na wageni mpaka Mombo, na Mombo ina mbigili. Kashata hazizuii mbigili, iwe kipara iwe jipya inaingia tu. Kama ringi zako zinakubali, vaa bila tyubu na utie ile dawa nyeupe ya maji inayoziba tundu yenyewe. Faida ya pili ni kwamba utaweza kushusha upepo mpaka 22 au 23 mbele bila kuogopa meno ya nyoka, na kwenye mizizi utaona tofauti siku ya kwanza. Joto kali la huko chini Mombo linaikausha dawa hiyo, hivyo fungua uangalie kila baada ya miezi miwili. Ringi zikikataa, baki na tyubu, tembea na viraka na solusheni, na kila mgeni awe na tyubu yake ya akiba. Nilishawahi kukaa kando ya barabara ya Mombo saa tano mchana na wageni sita na solusheni iliyokauka. Sitaki yakukute.

*Fundi, nina Phoenix ya marehemu babu, ringi 28. Nimeona mjini tairi za 29 zenye kashata nzuri za tope, nikasema 29 ni kubwa kuliko 28, itaingia na kubaki. Nimehangaika nayo siku nzima na vijiko viwili vya kuvalishia tairi, haiingii. Nimeharibiwa?*
Msomaji, Bukoba

Hujaharibiwa, umechezewa na namba. Hizi inchi ni majina tu, zilipewa na watu ambao hawakukaa meza moja. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba ndogo zenye kistari katikati, kama 57-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Tairi la 29 ni 622. Phoenix ya babu, ile ya 28 × 1½, ni 635. Hivyo hiyo "29" yako ni ndogo kuliko "28" kwa milimita 13, na hata ukiita kijiji kizima na vijiko vyao haitaingia. Rudisha kabla hujaipinda waya. Kwa 635 utapata matairi ya mistari ya kawaida, ya kashata ni adimu sana. Siku za mvua punguza upepo kidogo, na vua bamba la matope la mbele kama tope linaganda humo. Babu hatakasirika.

*Mama, nimegundua tairi langu la nyuma mshale unaelekea nyuma. Nimeendesha hivyo tangu Januari. Niligeuze?*
Msomaji, Limuru

Tazama vizuri kwanza, mwanangu. Matairi mengine yana mishale miwili, mmoja umeandikwa mbele na mwingine nyuma, na kwa nyuma umewekwa kinyume makusudi ili ukingo mkali wa kashata usukume udongo unapopanda. Kama ndivyo, fundi wako alijua anachofanya. Kama mshale ni mmoja tu, geuza siku utakapolivua kwa pancha. Si jambo la kukufanya ulale macho. Ukiona kashata zimekwisha ncha upande mmoja, kuligeuza kutakuongezea hata miezi michache ya ukingo mkali, na wewe huko kwenye mashamba ya chai unauhitaji.