Maswali ya Riadha: Vijiti vya Waitaliano

Italia iliwezaje kushinda mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, kwenye Olimpiki ya Tokyo? Timu yangu ya shule ina watoto wenye kasi lakini kijiti kinatuangusha kila mwaka. (Mwalimu wa michezo, Tanga)

Tarehe 6 Agosti 2021 Lorenzo Patta alianza, akafuata Marcell Jacobs, kisha Fausto Desalu, mkimbiaji wa mita 200 aliyeizoea kona, na Filippo Tortu akamalizia. Italia sekunde 37.50, Uingereza 37.51 (baadaye ikavuliwa medali kwa kosa la dawa zilizokatazwa). Kwa kasi ile, tofauti hiyo ni kama sentimita 11 tu. Kijiti kikichelewa mkononi kidogo tu, dhahabu imekwenda.

Kwa timu yako, anza na mikono: wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hivyo anayekimbia kona hukaa karibu na mstari wa ndani, na hakuna anayehamisha kijiti mkononi.

Eneo la kubadilishana ni mita 30. Mwamuzi huangalia kijiti kilipo, si miguu. Mpokeaji asimame mwanzoni mwa eneo, ahesabu nyayo 16 hadi 18 kurudi nyuma, kisigino kwa kidole, na abandike alama ya mkanda hapo. Mwenzake akiifikia alama, anachomoka bila kugeuka tena. Mleta kijiti akimkanyaga mpokeaji, alama isogezwe nyuma unyayo mmoja. Akishindwa kumfikia, isogezwe mbele. Jaribuni kwa kasi kamili. Alama iliyopimwa kwa mwendo wa mazoezi mepesi itawadanganya siku ya mashindano, na hapo ndipo shule nyingi huharibu.

Kosa jingine ni mpokeaji kunyoosha mkono mapema: mkono ukiwa nyuma, kasi inakufa. Asubiri neno "shika!", ndipo autoe na kuutuliza. Mpeaji ndiye anayeutafuta. Lengeni kukabidhiana kati ya mita ya 18 na ya 25, mpokeaji akiwa tayari na kasi.

Kwa nini Tamberi na Barshim walipewa dhahabu ya kuruka juu wote wawili kule Tokyo? (Msomaji, Mombasa)

Gianmarco Tamberi wa Italia na Mutaz Essa Barshim wa Qatar waliruka hadi mita 2.37 bila kuangusha ufito hata mara moja, kisha wote wakashindwa mara tatu kwenye 2.39. Maksim Nedasekau wa Belarus naye aliivuka 2.37, ila alikuwa ameshakosea kabla, akapata shaba. Wawili wakilingana hivyo kileleni, kanuni inawaruhusu kuendelea kuruka au kukubaliana kuacha. Walikubaliana.

Ni kweli Mwitaliano alimshinda Mtanzania Juma Ikangaa kwenye marathoni ya Boston? (Msomaji, Dodoma)

Kweli. Mwaka 1990 Gelindo Bordin alishinda kwa saa 2:08:19, na Ikangaa akawa wa pili kwa mwaka wa tatu mfululizo. Boston huanza kwa mteremko, nao huchosha mapaja bila mtu kuhisi. Ikangaa aliutumia kwa kasi kubwa. Bordin alijizuia, akampita kwenye vilima vya Newton vilivyo njiani. Alikuwa na uzoefu wa kungoja: Seoul 1988 alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa 2:10:32, sekunde 15 mbele ya Mkenya Douglas Wakiihuri, baada ya kuongeza mwendo karibu na mwisho.