Dada, nije Ujerumani au nisije? Jibu langu refu

Juzi usiku nimerudi kutoka zamu, miguu imevimba, nikakuta ujumbe kwenye simu. "Dada, asalaam alaykum. Nimepata nafasi ya Ausbildung ya uuguzi, yale mafunzo ya kazi yenye mshahara, huko Thüringen, jimbo la mashariki ya Ujerumani, mkataba nimeshatia saini. Lakini mjomba kaona kwenye taarifa ya habari kuwa huko wabaguzi ndio wanaotawala. Nije au nisije?"

Mdogo wangu, nilikuandikia neno moja: njoo. Nikafuta. Nikaandika: usije. Nikafuta tena. Leo nina mapumziko, chai ya tangawizi iko mbele yangu, basi nakujibu kwa urefu, na wenzako wanaoniuliza swali hilohilo kila mwezi wasome hapahapa.

Kwanza nimsahihishe mjomba. Hawatawali. Chama chenyewe kinaitwa AfD, na tarehe 1 Septemba 2024 kilipata asilimia 32.8 ya kura za Thüringen, kikashika nafasi ya kwanza. Tangu Vita Kuu ya Pili, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza chama cha siasa kali za kulia kuongoza uchaguzi wa jimbo Ujerumani. Vyama vingine vilikataa kushirikiana nacho, vikaunda serikali vyenyewe. Ila kina viti 32 kati ya 88, zaidi ya theluthi, na hapo kinaweza kukwamisha kila jambo linalohitaji theluthi mbili ya bunge la jimbo. Februari 2025, uchaguzi wa nchi nzima, kikapata asilimia 20.8 na kuwa cha pili. Hapa kwetu Thüringen kilipata 38.6. Mjomba kakosea neno, hofu yake hakuikosea.

Sasa habari yangu. Mimi ni mtoto wa flati za Kikwajuni. Nyumba zile Wajerumani wa Mashariki ndio waliozijenga, baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilipofanya urafiki na serikali yao. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye tramu mtaa wa Lusan, mjini Gera, nilicheka peke yangu njiani. Majengo yaleyale! Ngazi ileile nyembamba, madirisha yamepangwa vilevile, hata harufu ya sementi yenye unyevu ukiingia chini. Pungufu ilikuwa mama wa mbatata na watoto wa chuoni. Nikajisemea, huku ni nyumbani, wamezidisha baridi tu.

Mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B2 nilifeli mara ya kwanza, mara ya pili nikapita. Miaka mitatu ya Ausbildung sikusimulii. Ni kuamka saa kumi alfajiri na kulia chooni. Leo mimi ndiye ninayepanga zamu za ghorofa yetu, na wenyeji waliozaliwa hapahapa wananisubiri mimi niwaambie nani anakwenda wapi. Nayasema haya kwa kujisifu, ndiyo. Nimeyafanyia kazi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: lugha. Jifunze lugha mpaka uote ndoto kwa Kijerumani.

Ushauri wa pili unanitia aibu. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa naongea kama wao. Kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili nilikuwa wa mbele kusema, "Sisi tumekuja kwa viza, tunalipa kodi. Hawa wakimbizi ndio wanaotuchafulia." Agosti 2024, yule mkimbizi wa Syria alipoua watu watatu kwa kisu mjini Solingen, niliandika neno moja tu: wafukuzwe. Watu wakaniwekea dole gumba. Siku tisa baadaye ndio uchaguzi wa Thüringen. Jumatatu yake asubuhi nipo kituo cha tramu, mtandio kichwani, sare ya kazi chini ya koti. Kijana hajafika hata miaka ishirini akanyoosha mikono kama mabawa ya ndege, akaniigizia mlio, akanipungia kwaheri. Wenzake wakacheka. Hakuniuliza kama nimekuja kwa viza au kwa mashua. Kituoni tulikuwa watu kama kumi, na wote walikuwa wanaangalia simu zao.

Nikaenda kumweleza bosi wangu wa wakati ule. Akaniambia nisiyabebe moyoni, wale ni watoto. Mpaka leo nimeyabeba.

Nikaanza kusoma, maana mimi mtu wa kukasirika nikishaelewa. Nilidhani watu hawa ni wale wa vipara na mabuti, waliochoma moto jengo la Wavietnamu Rostock mwaka 1992, waliompiga Amadeu Antonio, Muangola, Eberswalde mwaka 1990 mpaka akafa. Kumbe chama kiliasisiwa 2013 na watu wa suti na tai. Bernd Lucke ni profesa wa uchumi, na hoja yake ilikuwa sarafu ya euro na fedha za kuikopesha Ugiriki. Wageni walikuja kuwa hoja kubwa baadaye, hasa 2015 wakimbizi wa Syria walipofika kwa wingi. Mwaka huohuo Lucke akasukumwa nje. Uongozi akashika Frauke Petry. Mwaka 2017 naye kaondoka. Kila aliyedhani atawashika hatamu wamemtupa, na kila mara waliobaki walikuwa wakali zaidi. Huyu anayewaongoza Thüringen, Björn Höcke, alikuwa mwalimu wa historia, na mwaka 2024 mahakama ya Halle ilimpiga faini kwa kutumia kaulimbiu ya wanamgambo wa Hitler. Mwalimu wa historia!

Halafu angalia wanavyotengeneza maneno. Hawasemi "fukuza". Wanasema "Remigration", yaani kuwarudisha wahamiaji walikotoka, neno safi kama la kitabu cha chuo kikuu. Januari 2024 waandishi walipofichua kuwa watu wa chama hicho walikutana na wenzao faragha Potsdam kulijadili, mamia ya maelfu ya Wajerumani waliingia barabarani kwenye baridi kupinga, na mimi nilikwenda, nikalia. Mwaka mmoja baadaye Alice Weidel, mgombea wao wa ukansela, alilitamka neno lilelile jukwaani Riesa, mbele ya kamera zote, akapigiwa makofi. Mwezi huohuo, Karlsruhe, tawi lao lilisambaza vipeperushi vilivyochapwa kama tiketi ya ndege ya kwenda bila kurudi, tarehe ya safari ikiwa siku ya uchaguzi. Nilipoona ile picha nilimkumbuka yule kijana wa kituoni na mabawa yake.

Na usidhani ukihamia nchi jirani umekimbia. Ufaransa, Marine Le Pen alimfukuza baba yake mzazi chamani 2015, akabadilisha jina la chama 2018, na 2022 akapata zaidi ya asilimia 41 kwenye duru ya pili ya urais. Austria, chama cha namna hii kilikuwa cha kwanza Septemba 2024. Italia wanatawala tangu Oktoba 2022, na hapo ndipo pa kuchekesha: Giorgia Meloni alipanda kwa kuhubiri dhidi ya wahamiaji, kisha serikali yake ikapanga kutoa vibali vya kazi 452,000 kwa miaka mitatu, 2023 hadi 2025. Wazee wa Italia nao wanahitaji kuogeshwa.

Sasa nikufikishe kwa Bibi, mzee wa Kijerumani ninayemtunza kazini. Jina silitaji. Nimemhudumia miaka minne. Marehemu mumewe alikuwa mchimbaji wa urani, migodi ya Wismut, huko Ronneburg. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mgodi ukafungwa, na viwanda vya nguo vikafuata. Mwaka 1989 Gera ilikuwa na watu zaidi ya 130,000. Leo hawafiki 100,000. Binti yake alikwenda Bavaria kutafuta kazi, hakurudi. Bibi ananiambia, "Sisi hatukuhama. Nchi ndiyo iliyotuhama." Namwelewa zaidi ya anavyodhani. Ila huyo Höcke anayembeba hasira zake kazaliwa Ujerumani Magharibi, kwa haohao Bibi anaowalaumu. Nilipomwambia akanipigapiga mkono, akasema, "Lakini anatusikiliza." Na akaongeza lile wanaloniambia wote: "Wewe hatukusemi wewe. Wewe unafanya kazi."

Februari 2025 Bibi alipiga kura kwa posta. Mikono inamtetemeka, basi akaniomba nimshikilie karatasi isiteleze mezani. Nikaishika kwa vidole viwili, uso nimeugeuzia dirishani, lakini macho hayana adabu. Niliuona ule msalaba na mahali alipouweka. Akaikunja taratibu, akaitia ndani ya bahasha, na hiyo ndani ya bahasha nyekundu, akanipa. "Ukitoka utanipitishia kwenye sanduku, mwanangu?" Nikaivaa koti, nikatoka. Sanduku la posta la njano liko mita mia mbili kutoka kazini. Nilisimama pale na bahasha mkononi mpaka theluji ikaanza kuilowesha pembe. Kisha nikaitumbukiza.

Wenzangu wengi nikiwasimulia wananiita mjinga. Mumewe shoga yangu kasema angeichana. Mimi nasema kura ya mtu ni amana, na amana hairushwi jalalani. Lakini kilichoniuma zaidi nilikigundua nikirudi: mkono uliopeleka ile bahasha hauna kura yake. Tangu Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia pacha, unaomba baada ya miaka mitano. Kinachonikwamisha ni Tanzania, haikubali. Mkenya tunayefanya naye zamu kashachukua wake, maana kwao katiba ya 2010 inaruhusu. Yeye alipiga kura siku ile. Mimi nikabaki na pasi yangu ya kwetu na mdomo.

Kwa hiyo ushauri. Jifunze lugha, nimeshasema. Usidanganyike na "wewe si kama wao". Wakikuambia hivyo kunywa maji, ujue kuwa mlango huo unafungwa kwa ndani. Usimseme Msyria ili upendwe na Mjerumani. Enyi mlioko kwenye grupu letu, nanyi mnanisikia, acheni! Mtume aliwahi kuwa mhajiri, nasi tunasahau tukishapata kibali cha makazi. Usiku usitembee peke yako siku za mpira. Tafuta watu wa kukaa nao, kwaya, chama cha bustani, chochote, maana mtaani atakayekutetea ni yule anayekujua kwa jina. Akikutukana mtu, andika tarehe na saa, peleka polisi, hata kama bosi anasema ni watoto. Na lugha, narudia, kwa sababu siku ile kituoni nilikuwa na jibu zuri sana lakini lilinijia kwa Kiswahili.

Bibi yupo, mzima. Jana kanikatalia kula mpaka nimkalie karibu.

Nitumie jina la mji ulioandikwa kwenye mkataba wako, jina la mji wenyewe, si la mkoa. Mji kama Jena ni jambo moja, kijijini kwenye basi moja kwa siku ni jambo jingine. Nikishaujua nitakupa jibu la njoo au usije, halafu ndio tuzungumze habari ya koti.