Port Said 2012: geti lilikuwa limefungwa

Unauliza inakuwaje mashabiki wafanye vurugu ilhali timu yao imeshinda. Ndicho kilichotokea Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012. Al-Masry, timu ya soka ya mji huo, waliifunga Al Ahly ya Cairo 3-1, kipenga cha mwisho kikalia, na umati wa mashabiki wa Al-Masry ukavamia uwanja na visu, marungu na mawe. Walikufa watu zaidi ya 70.

Wengi hudhani wote waliuawa kwa silaha. Hapana. Mashabiki wa Ahly walikimbilia njia nyembamba ya kutokea wakakuta geti la chuma limefungwa. Waliokuwa mbele walibanwa hadi wakakosa pumzi, huku wa nyuma wakizidi kusukuma. Taa za uwanja zilizimwa. Wachezaji walijifungia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, na majeruhi wakafia humo humo mbele ya macho yao.

Na polisi walikuwepo, wengi wao wamesimama tu! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana uhasama wa timu hizi ulijulikana miaka na miaka. Ligi ya msimu ule ilifutwa, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu ya kifo kwa watu 10.