Maswali yenu kuhusu maghorofa ya mbao

*Nina kiwanja cha biashara karibu na stendi, Tabora. Fundi anasema ghorofa la mbao litateketea mara moja. Ni kweli?*

Fundi wako anafikiria kenchi. Ubao mwembamba huwaka upesi kwa sababu moto huushika pande zote, lakini ukuta wa mbao za matabaka, zilizopishanishwa na kugundishwa kiwandani mpaka ukawa mnene, huungua kwa takriban milimita 0.65 kwa dakika, na mkaa unaotanda juu yake huikinga sehemu ya ndani. Lipasue asubuhi gogo la mtundu lililolala motoni usiku kucha: pembeni ni mkaa, katikati ni mti mzima. Mhandisi huongeza unene kwa hesabu hiyo. Mimi nahofia zaidi vyuma vya maungio vilivyoachwa wazi, kwa kuwa chuma kikikaribia nyuzi joto 600 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake.

*Majengo hayo yapo, au ni michoro tu?*

Yapo. Mjøstårnet la Norwei, la mwaka 2019, lina orofa 18 na urefu wa mita 85.4. Ascent la Milwaukee, Marekani, lina orofa 25, ingawa orofa za chini na minara ya ngazi na lifti ni za zege.

*Mninga tunao hapa hapa. Kwa nini tusiutumie?*

Mninga ni wa milango na samani, nao hukua polepole mno kuumaliza ndani ya kuta. Viwanda hutumia miti laini inayokua haraka, kama misindano inayopandwa Sao Hill, Mufindi. Na gogo lisilo na alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, usilinunue, hata likiuzwa nusu bei.

*Mbao zangu zimeanikwa wiki 2. Si zimekauka?*

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado watu wanaezeka kwa mbao mbichi. Mbao za matabaka hukaushwa tanurini mpaka unyevu ufikie takriban asilimia 12 kabla ya kuguswa na gundi. Niliwahi kupima mbao za mbili kwa sita ambazo muuzaji aliniapia kuwa ni kavu: kipimo kilisoma asilimia 31, na msumari ulipozama, maji yalichungulia kando ya kichwa chake. Kenchi zile zilipinda kabla ya masika kwisha. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 20, kuvu wa kuozesha hupata makao, kwa hiyo anayetaka kusimamisha ghorofa la mbao Tabora kati ya Novemba na Aprili awe na maturubai kabla ya kuwa na kreni.

*Niko Kigoma. Mchwa hawatalila jengo?*

Watalila ukiwaachia njia. Inua msingi wa zege juu ya ardhi, tibu udongo kwa dawa, na acha uwazi wa kutosha mtu kupita na tochi kukagua, kwa maana vijia vyao vya udongo hupanda ukutani kimya kimya, na jengo lililozibwa pande zote haliwezi kukaguliwa na mtu yeyote.