Bangi mwitu: maswali yenu ya msimu huu

Mahindi yangu yamejaa bangi mwitu. Polisi wakipita nitakamatwa? (Makambako)

Hapana. Swali hili mnaniuliza kila palizi. Jani la bangi limechanua kama la kisamvu, vidole vyote vimetoka sehemu moja. La bangi mwitu limejipanga huku na huku kwenye uti, kama unyoya. Liinue juani, utaona vitone vya mafuta; humo ndimo inamokaa ile harufu. Ukoo wake ni alizeti na pareto. Aliyelipa jina aliona jani la kuchanikachanika, akanusa, akaona inatosha.

Kitaalamu linaitwa Tagetes minuta. Maana yake nini? (Uyole)

Afadhali wewe. Tagetes limetokana na Tages, mtoto wa hadithi za Waetruski, watu wa Italia ya kale. Mkulima alikuwa akilima, mara kwenye mfuo wa jembe akachomoza mtoto mwenye busara za kizee, akaanza kuwafundisha watu uaguzi. Minuta ni Kilatini, "ndogo". Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliliandika hivyo mwaka 1753. Ndogo! Gugu linalofika mita 2, mtu mzima anapotelea humo. Kilicho kidogo ni ua. Waingereza nao wanaliita "Mexican marigold", yaani la Meksiko, ilhali asili yake ni Amerika Kusini. Mwenye haki ni Tages peke yake: ukilima tu, hilo limechomoza.

Linatibu nini? (Mafinga)

Nenda zahanati.

Ni kweli linaua minyoo fundo kwenye viazi? (Njombe)

Mizizi yake hutoa kemikali zinazoidhuru minyoo hiyo midogo inayotia mafundo kwenye mizizi ya mazao, ndiyo. Lakini ni mizizi hai, iliyokaa ardhini miezi kadhaa, si majani uliyoyatupa juu ya tuta. Na likiota katikati ya viazi litagombania mbolea uliyonunua kwa hela yako. Ling'oe kabla halijachanua. Wengi wenu mnangoja likauke, kisha mnalirundika mpakani. Zile mbegu nyeusi kama sindano zinarudi shambani zimenasa kwenye suruali zenu. Vaeni mikono mirefu pia, maana utomvu wake ukipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge.

Linaliwa? (Kilolo)

Peru wanaliita huacatay, wanalisaga kuwa mchuzi wa viazi. Ng'ombe wako wa maziwa usimpe, maziwa yatanuka.

Na wewe wa Mbozi uliyetuma picha usiku: nimeona kidole chako tu.