Kabla hujanunua waya ya oksi au modulata, angalia kwanza redio ya gari yako

Jamani watu wanapoteza pesa sana kwa haya mambo ya kuunganisha simu au kale kamashine ka MP3 na redio ya gari. Mtu anapita dukani mjini, anaona kidude cha kuchomeka kwenye laita kinawaka taa za bluu, anatajiwa bei nzuri, analipa, akifika kwenye gari ni makelele matupu, alafu anasema redio imekufa. Redio haijafa, ni vile hakuiangalia kwanza inataka nini. Mimi huwa naendesha Kampala mpaka Arua na kurudi, karibu kilomita 500 kwenda tu, na ile barabara kutoka Luweero mpaka Karuma bila muziki inachosha mtu vibaya, kwa hiyo hii kitu nimeifuatilia sana, kwa mikono yangu na kwa mafundi.

Tuanze na modulata, yaani hicho kidude cha laita kinachochukua nyimbo za simu na kuzirusha kwa FM ili redio izidake. Gari zetu nyingi zimekuja kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na redio nyingi za kule zimetengenezwa kwa FM ya kule, inaanzia 76 inaishia 90. Sisi hapa Uganda FM yetu ni 87.5 mpaka 108, na modulata nyingi zinarusha kwenye hiyo hiyo 87.5 mpaka 108. Sasa angalia pale zinapokutana: ni kuanzia 87.5 mpaka 90 basi. Na hapo kwa Kampala pamejaa stesheni, Sanyu iko 88.2, CBS iko 88.8, na wengine wamekaa katikati. Kidude chako kina nguvu ndogo sana, kinashindana na mnara wa redio wenye mtambo mkubwa, kitashindwa tu. Ndio maana mtu anasikia wimbo wake vizuri akiwa Nakasongola, akikaribia mji, matangazo yanaanza kuingia juu ya wimbo.

Wengine wana ekspanda, kile kiboksi kidogo ambacho fundi anakiweka kati ya waya ya antena na redio ili stesheni zetu zishuke ziingie kwenye namba za Kijapani. Kama unayo, modulata inaweza kufanya kazi vizuri kidogo lakini lazima ujue ekspanda yako inashusha kwa ngapi, kwa sababu namba ya kwenye modulata haitafanana na namba ya kwenye redio, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa wanarudisha kidude dukani. Kujua ni rahisi. Tafuta stesheni unayoijua namba yake, mfano Capital ni 91.3, ukiipata kwenye redio yako inasomeka 79.3 basi ekspanda inashusha kwa 12. Kwa hiyo ukiweka modulata kwenye 98.5, redio utaiweka 86.5. Alafu chagua namba ambayo ukiisikiliza kabla ya kuwasha modulata unasikia mchakacho mtupu, hakuna hata sauti ya mbali ya mtu anaongea. Lakini mimi kwa maoni yangu modulata iwe kitu cha mwisho, kama njia zingine zote zimeshindikana.

Njia ninayoipenda ni waya. Angalia redio mbele, kama kuna kitundu kidogo kimeandikwa AUX umeshafika, nunua waya ya oksi yenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Kama mbele hakuna, fungua ile droo ya mbele ya abiria au boksi la katikati ya viti, gari nyingi za Toyota wameficha tundu huko, mengine yana vitundu vitatu vya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, yameandikwa VTR. Njano ni ya picha, achana nayo. Nyeupe na nyekundu ndio sauti, nyeupe kushoto nyekundu kulia, unanunua waya yenye pini ndogo upande mmoja na vichwa viwili vya rangi upande mwingine, kazi imeisha. Na kama gari ni ya zamani ina sehemu ya kaseti, usiidharau, kuna kaseti yenye waya unaichomeka kama kaseti ya kawaida na waya inaenda kwenye simu, inatoa sauti safi kuliko modulata nyingi. Simu zisizo na tundu la hedfoni, na ni nyingi tangu iPhone 7 ilipolitoa mwaka 2016, zinataka kale kawaya kafupi ka kubadilisha tundu la chaji liwe la hedfoni.

Pini yenyewe iangalie kwa karibu. Ina mistari midogo inayozunguka chuma, ikiwa miwili ni ya sauti tu, ikiwa mitatu kuna njia ya nne ya maiki au ya picha. Kwa nini nawaambia hivi, kwa sababu kuna tatizo moja linawashangaza watu: unaweka wimbo wa Kikongo, gitaa unazisikia, mwangwi unausikia, lakini sauti ya muimbaji imepotea, iko mbali kama anaimbia ndani ya mtungi. Watu wanasema faili mbovu. Hapana, ni ile njia ya kurudi ya waya, wanayoiita ardhi, haijashika. Muimbaji kwa kawaida amewekwa sawa sawa kushoto na kulia, ardhi ikikatika redio inabaki kusikia tofauti ya pande mbili tu, kwa hiyo kilicho sawa pande zote kinafutika. Sukuma pini mpaka iingie yote, toa kava ya simu kama ni nene, ukigusagusa waya na muimbaji anarudi basi waya imechoka, nunua ingine.

Kitu kingine ni ule mluzi. Unaweka oksi, alafu unachaji simu kwenye laita ya hiyo hiyo gari, na unasikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Hiyo inatoka kwa altaneta, ile inayochaji betri ya gari, inapitia chaja inaingia kwenye waya ya sauti kwa sababu simu sasa imeshika ardhi ya gari kwa njia mbili. Chomoa chaja usikilize, mluzi ukiisha umeshajua mchawi ni nani. Chaji simu kwa pawabenki wakati unasikiliza, au tafuta kile kidude cha kuzuia kelele ya ardhi, kinakaa katikati ya waya ya oksi, kidogo tu na kinasaidia kweli.

Bluetooth sina mengi ya kusema, kama redio yako inayo itumie, ni raha na mkono hauko kwenye simu. Nyimbo panga kabla hujawasha gari.

Flashi nayo ni nzuri sana kwa safari ndefu maana haimalizi chaji ya mtu, ila redio nyingi zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 peke yake. Ukinunua ya GB 64 kompyuta itakupa mpangilio mwingine, exFAT au NTFS, redio itakuambia hakuna kitu ndani. Chukua ya GB 16 au 32 inatosha, nyimbo ziwe MP3. Na pale unapowekewa nyimbo kibandani uliza ubora, maana faili zilizobanwa sana kwenye spika ndogo ya simu huwezi kujua, lakini kwenye spika nne za gari matoazi yanasikika kama maji yanamwagika. MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde) ndio ya juu kabisa, 192 bado nzuri.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Sabufa nyingi nyuma zina vile vitundu vyekundu na vyeupe, waya ni ile ile ya vichwa viwili. Kama una amplifaya ya wazee yenye tundu limeandikwa PHONO, hapo usichomeke simu, hilo ni la sahani za santuri, linakuza sauti mara nyingi sana na kuongeza besi, utasikia mkwaruzo tu. Tumia AUX, TAPE au CD, zote sawa. Alafu utaratibu wa sauti: sabufa iwe chini kwanza, simu ipandishe karibu na mwisho, sio mwisho kabisa, ndio upandishe sabufa polepole. Ukifanya kinyume, simu chini sabufa juu, utakuwa unakuza mchakacho. Na zile besi za kuongeza kwenye simu zizime, besi iongezwe sehemu moja tu, kwenye sabufa.

Sasa kama redio ya gari haina oksi, haina Bluetooth, haina kaseti, usikimbilie kununua redio ya skrini kubwa. Ulizia mafundi wa Kisekka, lile soko la vipuri vya gari Kampala, kama nyuma ya redio yako kuna soketi ya CD chenja, yaani ile mashine ya kubadilisha CD nyingi, maana kuna kiboksi kinachomekwa pale kinakupa USB na oksi na redio yako inabaki ile ile. Ukiamua kubadilisha kabisa simama karibu na fundi uangalie waya mbili, ya njano ni ya umeme wa kudumu, nyekundu ni ya switchi. Akizibadilisha redio itasahau stesheni zako kila ukizima gari, na akiziunganisha zote kwenye umeme wa kudumu redio inaweza kula betri usiku kucha na asubuhi gari isiwake. Na zile redio za Kijapani zenye ramani, kadi ya SD iliyoko ndani usiitoe, na fundi asifungue betri bila kukuambia, nyingi zikikosa umeme zinajifunga na kuomba namba ya siri kwa Kijapani, na kupata hiyo namba ni pesa ingine kabisa.